Mimi Si Chuo cha Akiba

Baba yangu aliikataa posa ya Talib kwa adabu nzuri mno hata wageni wakamshukuru. Waliinuka, wakavaa makoti yao, wakashuka ngazi mpaka dukani na kutoka nje, na mie nadhani walikuwa wameshakaribia stesheni ya Kenton ndipo walipotambua kwamba wamenyimwa.

Nilikuwa jikoni wakati huo, nyuma ya pazia, pamoja na Fui Zainab. Fui ni dada yake Baba, na ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki kule Unguja, kabla hatujahamia Uingereza. Bajia zilikuwa zinaungua na hakuna kati yetu aliyejali. Hakuna mtu aliyenidokezea kwamba Talib analeta wazee. Nilipomwona Bi Sheikha, mama yake, akipanda ngazi zetu na buibui juu ya koti la baridi, na nyuma yake Mzee Himid, mjomba wake, kanzu imetokeza chini ya koti na boksi la halua mkononi, nilisahau bajia motoni. Watu wazima, siku ya Jumapili, na halua. Hawakuja kununua muhogo.

Muhogo lazima niueleze. Mwaka mzima Talib alikuwa anatoka Kilburn kuja Kenton, dukani kwetu, kununua muhogo. Na Kilburn muhogo umejaa tele, Wajamaika wanauza kila pembe. Yeye hupanda treni mpaka kwetu, akachagua vipande viwili, akauliza bei anayoijua, akaniangalia mie, na mie nikaangalia mizani. Alikuwa anasomea uuguzi katika hospitali moja ya huko kwao, na mikono yake daima ilinukia sabuni ya hospitali. Baba alisema mwanamume kuwa nesi ni ajabu ya Uingereza. Mie sikuona ajabu. Siku moja alinikuta nyuma ya kaunta nalia kwa sababu ya mtihani wa kemia, akakaa juu ya gunia la mchele na kunisimulia visa vya wagonjwa wake mpaka nikacheka kwa sauti na wateja wakageuka. Tangu siku ile nilikuwa nikisikia kengele ya mlango moyo unanienda mbio, na mara nyingi alikuwa mama mmoja wa Kipunjabi anataka dengu.

Lakini neno la mapenzi halikuwahi kututoka, si yeye wala mimi. Kwa watu wetu kijana mwenye heshima haanzi kwa msichana, huanza kwa wazee. Basi Talib akaanza kwa wazee, na akachelewa wiki mbili.

Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimejifunga.

Mwalimu mkuu wa shule yetu, Bi Margaret, alikuwa amesoma Marekani ujana wake, na aliniambia kwamba msichana anayependa kemia na ushairi kwa kiasi kimoja asikatwe vipande viwili akiwa na miaka kumi na minane. Hapa Uingereza ukienda chuo kikuu unachagua kitu kimoja, vingine vyote unaviaga. Kule Vermont, milimani, kuna chuo kidogo kiitwacho Alderbrook ambapo unasoma hiki na kile, nyota na lugha na hesabu na uchoraji, miaka miwili mizima, ndipo unachagua. Mie niliposikia hivyo nilikosa usingizi kwa furaha. Lakini ni wachaguzi hao. Wanaombwa na watu chungu nzima na huchukua wachache. Ila wana njia moja kwa mtu mwenye hakika, wanaiita Uamuzi wa Mapema. Unawaomba mapema, wao peke yao, na unaapa kwamba wakikukubali unakwenda, na mlango mwingine hutabisha. Na wao hukujibu kabla ya Krismasi, wakati wenzako bado wanahangaika.

Kiapo hicho kinatiwa saini na mwanafunzi, na mwalimu mkuu, na mzazi. Baba alikisoma na miwani, akakisoma tena, akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia ninayo. Akaenda kutawadha, akarudi mikono bado ina maji, ndipo akatia saini.

Kwa hiyo mkiniuliza Baba alikosea wapi Jumapili ile, mie nitasema hakukosea. Alifanya kama mtu wa neno lake anavyofanya.

“Mmenipa heshima kubwa,” aliwaambia wageni. “Talib ni kijana mwema, hilo sina shaka nalo. Lakini mwanangu ana neno kwingine, na neno hilo nimelitilia saini mwenyewe. Haifai mtu kuposa juu ya posa ya mwenzake.”

Bi Sheikha akauliza, kwa sauti ya mtu aliyemeza chai ya moto, huyo mwenzake ni mtoto wa nani.

“Si mtoto wa mtu,” Baba akasema. “Ni chuo.”

Kisha Baba akawaeleza yote, kiapo, saini, Vermont, taratibu kama anavyomweleza mteja kwa nini sukari imepanda. Akamalizia kwamba wakinikataa hao Wamarekani, basi wageni warudi, mlango uko wazi na watakaribishwa kwa mikono miwili. Wakinikubali, ni miaka minne. Mzee Himid alisema katika umri wake amepata kuona mtoto wa kike akichumbiwa angali tumboni, lakini kuchumbiwa na jengo hajapata kuona. Hata hivyo akashukuru, kwa kuwa Baba alisema vizuri.

Bi Sheikha hakushukuru sana. Alipofika mlangoni alimvuta Fui Zainab pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye ana mpwa wake Croydon, binti mzuri, ametulia, na hana nia ya kukaa mpaka Krismasi akingojea makombo ya Wamarekani. Jumapili ijayo atapeleka neno Croydon.

Walipokwisha ondoka Fui aliziangalia bajia zilizokuwa makaa, akaniangalia na mie. “Mshika mawili, moja humponyoka,” akasema.

“Hakuna aliyeniambia kama la pili lipo,” nikamjibu, na nikaanza kulia kwa hasira.

Kesho yake nilikwenda Kilburn. Sikwenda kwa siri, nilimwambia Fui, na Fui akasema nenda, lakini ukae karibu na dirisha watu wakuone. Nilijua nitampata wapi. Siku za Jumatatu Talib hufua sare zake katika duka la mashine za kufulia, lile karibu na kituo cha basi, ambako wakati wa baridi nusu ya Kilburn huja kuota joto na kusema wanafua.

Alikuwa amekaa kwenye benchi anaitazama mashine inavyozunguka. Alikuwa hajalala, nilijua kwa macho yake. Nilikaa karibu na dirisha kama nilivyoamriwa, na kati yetu kulikuwa na kapu la nguo za mtu. Wallahi nilitaka kulisukuma lile kapu.

“Kwa nini hukuniambia kama unaleta wazee?” nikamuuliza.

“Kwa nini hukuniambia kama unakwenda Marekani?”

Nikasema sikujua kama ni haki yake kuambiwa, maana mtu anayenunua muhogo haambiwi mambo ya vyuo. Akasema yeye vilevile hakujua kama mwenye kuuza muhogo anapaswa kuambiwa anaposwa, alidhani anaona. Mama mmoja wa Kiayalandi akaja akatoa nguo zake kwenye mashine na kutuangalia kwa huruma, ingawa Kiswahili hakujui.

Nikamweleza basi, kwa haraka, kama mtu anayeogopa kukatwa kauli. Kwamba nilipotia saini sikuwa namkimbia. Kwamba nikiwaza yale madarasa ya Alderbrook mwili unanisisimka, na nikimwaza yeye unanisisimka vilevile, na kwamba mie sioni kwa nini moja lazima liwe adui wa jingine. Hilo la pili sikukusudia kulisema. Lilinitoka, na likishatoka halirudi. Talib akageuka akaniangalia, uso mzima, kwa mara ya kwanza bila mizani kati yetu. Nikahisi masikio yanawaka moto.

“Mama amesema Jumapili atapeleka neno Croydon,” akasema.

“Mwambie angoje. Wakinikataa Baba amesema mrudi.”

Ndipo uso wake ukabadilika. Akainuka, akazima mashine kabla haijamaliza, akaanza kuzitoa sare zake zikiwa bado zinachuruzika maji.

“Wenzako shuleni wanaomba vyuo vitano, sivyo? Hilo kila mtu hapa analijua. Cha kwanza ndicho wanachokitaka. Cha mwisho ni cha akiba, kama vyote vikiwakataa.” Alikuwa anasema polepole, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma. “Baba yako amesema nirudi ukikataliwa. Mimi si chuo cha akiba, Nasim.”

“Sikusema hivyo.”

“Hukusema. Lakini wakikukataa ukaja kwangu, nitajuaje? Kila nikikutazama nitajiuliza kama nimechaguliwa au nimebaki.”

Akazitia sare zake mbichi kwenye mfuko, akaniambia nirudi nyumbani kabla giza halijaingia, na akatoka. Hata katika kugombana alinifungulia mlango.

Nilipanda treni nimefura. Nilimtukana kimoyomoyo kutoka Kilburn Park mpaka Willesden. Mwanamume mwenye kiburi, nesi gani huyu asiyejua maumivu ya mtu. Lakini tulipofika Harlesden hasira ikaanza kuniishia, na mahali pake pakaingia kitu kibaya zaidi, nacho ni kwamba alikuwa na haki. Nikikataliwa na chuo kisha nikamwambia nakupenda, nani ataniamini? Nikikubaliwa kisha nikamwambia nakupenda, atasema ni maneno matamu ya kuagia. Likishafika jibu la chuo, neno langu kwa Talib halina thamani tena, liwe jibu gani. Kama nataka ajue kwamba nimemchagua, lazima nimchague sasa, kabla sijajua kitu.

Hapo nikasimama ndani ya treni, mie mzima, sina sababu, nikaanza kucheka. Mzungu mmoja aliyekuwa mbele yangu akajificha nyuma ya gazeti lake. Kwani si ndivyo nilivyowafanyia Wamarekani? Wao nimewaambia nawataka ninyi peke yenu kabla hamjasema kama mnanitaka. Watu nisiowajua hata sura. Na Talib, aliyekaa juu ya gunia la mchele kwa ajili ya machozi yangu, nimemwacha angoje zamu.

Nilimkuta Baba dukani anapanga makopo ya nyanya. Fui alikuwa kwenye kaunta. Sikuvua hata koti.

“Baba, nataka kumposa Talib.”

Baba akaliweka kopo chini. Akamwangalia Fui, kama kwamba mimi nimesema kwa lugha ambayo Fui ndiye mkalimani wake. Fui akanitazama kwa muda mrefu, na nikaona kitu kinamwingia usoni ambacho sijakiona tangu tuhamie nchi hii ya baridi. Furaha ya fitina njema.

“Bi Khadija alipomtaka Mtume,” Fui akasema, “hakukaa akingoja kuposwa. Alituma mtu.”

Baba akaleta salawat, kwani jina hilo halimpiti bila salawat, na wakati analeta, Fui akapata nafasi ya kuendelea. Akasema kilichokatazwa ni kumposa aliyekwisha poswa. Sawa, Nasim ana neno na chuo, wanaume wasije. Lakini Talib ana neno na nani? Croydon hawajaambiwa kitu mpaka Jumapili. Posa juu ya posa iko wapi hapo?

Baba hakucheka. Alivuta kiboksi cha sabuni akakaa juu yake, akaniuliza mie, si Fui, chuo wakinitaka itakuwaje. Nikamwambia nitakwenda, saini yake sitaiaibisha. Na Talib akisema hawezi kungoja miaka minne? Nikamwambia nitalia, kisha nitakwenda.

“Sasa kwa nini usingojee jibu la chuo kwanza, ukajua umesimama wapi?”

“Kwa sababu nikishajua, Baba, hatajua kamwe kama nilimtaka yeye. Na mimi pia sitajua.”

Baba akavua miwani. Alikaa hivyo, bila miwani, macho yake madogo kama ya mtu aliyeamshwa.

“Mama yako nilimwona mara moja kabla ya nikaha,” akasema. “Nikaulizwa mimi, nikasema ndiyo. Mungu alinipa bahati, nilipata mke ambaye mpaka leo sijamsahau. Lakini yeye, nadhani, hakuulizwa na mtu.” Akavaa miwani tena, akaliokota kopo lake la nyanya. “Nendeni Jumamosi. Na halua mchukue ile ya lozi, si ile ya siku zote.”

Wiki hiyo sikuisoma kemia wala ushairi. Nilipiga pasi gauni langu la kijani mpaka likakaribia kuungua. Fui alisema mwenye kuposa hapaswi kwenda mwenyewe, hutuma wazee, mwenyewe akakaa nyumbani na kungoja. Nikamwambia nimechoka kuwa nyuma ya pazia. Akasema lahaula, kisha akanitolea shali yake ya hariri niivae.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tumeshavaa, boksi la halua mkononi mwa Fui, tunashuka ngazi, simu ya dukani ikalia. Baba akaipokea. Nikamsikia akisema ndiyo, ndiyo, habari za asubuhi, ndiye mimi. Kisha akaita juu kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia dukani.

“Nasim. Ni Bi Margaret. Anasema telegramu ya Marekani imefika shuleni.”

Nilisimama kwenye ngazi ya mwisho. Moyo ulinipiga mpaka kwenye meno. Yale yote niliyoyaota, milima na maabara na vitabu, yalikuwa ndani ya simu ile, hatua chache kutoka kwangu, na Baba ananinyooshea mkono wa simu.

Nikaziba masikio kwa vidole viwili nikatoka mbio. Nilipita kwenye mchele, nikapita kwenye magazeti, nikampiga kikumbo yule mama wa Kipunjabi wa dengu, nikatoka barabarani na kukimbilia stesheni bila kugeuka. Nyuma yangu Fui Zainab alikuwa anakimbia na boksi lake na kunitaja majina ambayo shangazi hapaswi kumwita mtoto. Tulipotumbukia ndani ya treni alikuwa hawezi kusema. Alipopata pumzi akaniuliza kama nimeingiwa na wazimu. Nikamwambia nikisikia jibu lile, safari yetu haina maana tena. Akafikiri mpaka Wembley. Kisha akanishika mkono, na hakuuachilia mpaka Kilburn.

Bi Sheikha alikuwa anaishi ghorofa ya pili, chumba kimoja cha kulala na kimoja cha wageni, na hita ya mafuta ya taa iliyokuwa ikinguruma katikati. Fui akapiga hodi, naye akatufungulia akiwa na kanga kiunoni. Tukakaribishwa, tukajibu starehe, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akinitazama ile shali. Aliweka chai ya tangawizi. Alikuwa mkavu lakini hakuwa mkosefu wa adabu. Akauliza kama Bwana Gulamhusein amebadili nia.

“Kaka yangu hajabadili nia,” Fui akasema. Akaiweka halua juu ya meza na kuisukuma mbele. “Sisi tumekuja kuposa.”

“Kumposa nani? Mimi sina binti.”

“Talib.”

Bi Sheikha akacheka. Akaacha kucheka. Akanitazama, na nikajua sasa ni zamu yangu, na kwamba nikijificha nyuma ya Fui kama nilivyojificha nyuma ya pazia nimepoteza.

“Ni mimi ninayemtaka, mama,” nikasema. “Nimemtuma Fui, na nimekuja mwenyewe ili usidhani nimesukumwa.”

Bi Sheikha akakaa. Mtu angetazamia atukasirikie, na nadhani alitaka. Lakini katika maisha yake hakuwahi mtu kuja nyumbani kwake na halua kumwomba mwanawe, na nikaona jambo hilo linamwingia kidogo kidogo, kama joto linavyowaingia watu waliotoka nje. Akajinyoosha. Akairekebisha kanga. Na akaanza, jamani, kuuliza kama mama wa bibi harusi.

Aliuliza kama nasali. Aliuliza kama najua kupika, maana mwanawe ameshazoea vyakula vyake. Alisema Talib hakulelewa kwa shida, ni mtoto mpole, haya nyingi, na yeye hatamtoa kwa mtu atakayemliza. Aliuliza nitampeleka wapi. Alisema sisi Wahindi na wao Waswahili, sisi msikiti wetu kule na wao msikiti wao huku, watu watasema. Fui akamwambia watu watasema mpaka biriani lifike. Hapo midomo ya Bi Sheikha ikataka kucheka na yeye akaikataza.

“Na huko Marekani?” akauliza. “Wakikutaka?”

“Nitakwenda. Nimeapa na Baba ameapa. Nitakuwa narudi kila likizo ya kiangazi. Nikisema sitakwenda nitakuwa nakudanganya, mama, na sitaki kuanza hivyo.”

“Wamejibu?”

“Wamejibu leo asubuhi. Sijui wamesema nini. Baba anajua. Mimi niliziba masikio nikakimbia.”

Bi Sheikha akamwangalia Fui kuuliza kama ni kweli. Fui akaelekeza kidole kwenye viatu vyake, vilivyotapakaa matope ya Kenton.

“Kwa nini?” Bi Sheikha akauliza, na safari hii hakuuliza kama mama wa mtu.

“Talib alisema yeye si chuo cha akiba. Nimekuja kumwambia kabla sijajua kama nimekataliwa au nimekubaliwa, ili asijiulize maisha yake yote.”

Mlango wa chumba cha ndani ukafunguka. Sikujua kama Talib alikuwemo. Alitoka zamu ya usiku, alikuwa amelala, na nywele zimemsimama upande mmoja, na amejifunga shuka ya kikoi na fulana. Alisimama hapo anatuangalia, mie na Fui na halua. Amesikia. Ilikuwa wazi kabisa amesikia yote, tangu kusali mpaka biriani.

Nikataka ardhi ipasuke. Na wakati huohuo nilitaka aseme kitu, chochote. Alifungua mdomo.

“Wee nyamaza,” mama yake akamwambia. “Anayeposwa hasemi mbele ya wageni. Kaa.”

Talib akakaa pembeni ya mama yake. Bi Sheikha akamgeukia, mikono magotini, uso umekunjamana kwa uzito wa shughuli.

“Mwanangu, umeletewa posa na binti wa Gulamhusein wa Kenton. Labda atakwenda mbali na labda utangoja. Unamridhia?”

Talib akainamisha macho kwenye zulia. Akanyamaza.

“Nakuuliza mara ya pili. Unamridhia?”

Kimya. Lakini masikio yake yalikuwa yanabadilika rangi, na pembe ya mdomo wake ilikuwa inapambana naye. Mikono yangu ilikuwa imeshika shali ya Fui nusura niichane.

“Mara ya tatu, Talib. Kama humtaki sema sasa, watu wachukue halua yao wende zao. Unamridhia?”

Akanyanyua macho mara moja tu, akanitazama, na mie mpaka leo nikiulizwa mapenzi ni nini nakumbuka jicho lile. Kisha akayarudisha kwenye zulia kama mwari, mwanamume mzima wa futi sita, na hakutamka neno.

“Basi,” Bi Sheikha akasema, akaivuta halua upande wake. “Kimya chake ndiyo ridhaa yake.”

Fui Zainab akapiga kigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa fagio. Bi Sheikha akamjibu kwa cha pili, kirefu zaidi, na jirani akakata tamaa. Mie nilikuwa nalia na kucheka, na Talib alikuwa ameruhusiwa sasa kusema na hakukumbuka la kusema ila kuniuliza kama nimekula.

Ni Bi Sheikha aliyekumbuka. Akasema sasa tukasikilize hao Wamarekani wamesemaje, roho yake haiwezi tena. Nyumbani kwake simu hakuna. Tukateremka wote wanne mpaka kwenye kibanda cha simu cha barabarani, Talib na koti juu ya kikoi, Bi Sheikha na ndara katika baridi ile, na tukajibana mle ndani kadiri tulivyoweza, Fui mguu mmoja nje. Talib akatia sarafu. Nikaikosea namba mara mbili mpaka akanisaidia kuizungusha.

Baba aliinyanyua kabla haijalia mara ya pili. Sikupata hata kumwamkia.

“Amekubali?” akauliza.

“Amenyamaza, Baba. Mara tatu.”

Nikasikia Baba akivuta pumzi. Kisha nikamsikia akicheka, Baba yangu asiyecheka dukani, kicheko cha mtu aliyebeba kitu asubuhi nzima na sasa amepata pa kukitua.

“Basi, mwanangu,” akasema, “wamekukubali wote wawili.”